Shemeji kaandika ajira 12, mdogo wangu ananiuliza mtoto wangu atapandaje basi

Anti shikamoo,

Naomba usiweke jina langu wala la mji ninaokaa, sisi waswahili wa Ohio tunajuana sana, mtu akikohoa Columbus Dayton washasema pole.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tulikuja Marekani na mume wangu 2011, nikabeba boksi miaka nane kwenye maghala, usiku napanga oda za watu mchana nalala masaa manne, hayo tuyaache. Kipindi cha korona nilisimamishwa kazi nikaanza kukaanga sambusa nyumbani nauzia watu wa msikitini na kanisani, mwaka uliofuata nikapata kibali nikahamia kwenye jiko la kukodi kwa masaa Columbus. Sasa hivi tunauza sambusa na chapati za friza kwenye maduka kama arobaini. Tuko saba kazini. Tunaingia saa kumi alfajiri tunatoka kabla wale wa keki hawajaja kuchukua zamu yao. Manda bado tunakunja kwa mkono, yuko bibi mmoja Mkongo ndo fundi wetu, anachovya kidole kwenye uji wa ngano anapitisha ukingoni anafunga, haangalii hata mikono, anapiga story tu na trei inajaa.

Kwenye biashara niko na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu, aliweka akiba yake yote humu na ana asilimia 40. Mwezi wa tatu benki ilitukubalia mkopo tununue godauni la zamani huku ninakoishi, kama dakika 25 kutoka Columbus, tuliongeze jengo, tuweke friza kubwa na mashine ya kukunja sambusa. Tulifurahi tukala pilau tukashukuru Mungu.

Mwezi wa tano akaja afisa maendeleo wa mji, mkaka mpole sana, akatuambia mji unaweza kutusamehe kodi ya jengo kwa ile sehemu mpya, asilimia 100 kwa miaka 15. Thamani itakayoongezeka ni kama dola 900,000 na kwa viwango vya hapa anasema tutaokoa karibu dola 19,000 kila mwaka. Ila lazima tuandike kwenye mkataba tutaleta ajira mpya ngapi na mishahara kiasi gani, na tusaini kabla fundi hajaanza kujenga. Na kwa vile ni zaidi ya asilimia 75, na sehemu kubwa ya kodi ya jengo huwa inaenda shule, bodi ya shule lazima ikubali kwanza, kwahiyo kuna mkutano, na anataka mimi ndo nisimame niongee, eti story yangu inagusa.

Sasa matatizo mawili. Shemeji alijaza fomu akaandika ajira mpya 12 ndani ya miaka mitatu. Mimi kwenye hesabu zangu nilikuwa na tano, na hizo tano nilizipiga kabla sijakaa vizuri na yule muuza mashine. Nilipomuuliza shemeji kumi na mbili kazitoa wapi akaniambia "wewe andika, nani atakuja kuhesabu? Hela ya serikali ya bure unaiachaje?"

La pili ndo linaninyima usingizi. Mdogo wangu wa tumbo moja ni dereva wa basi la shule kwenye wilaya hiyohiyo ya shule. Levi, ile kodi ya nyongeza ya shule, imepigiwa kura mara mbili imeanguka zote mbili, wakakata mabasi ya hai skuli na masaa ya mdogo wangu yakapungua. Mwanangu wa darasa la kumi sasa anatembea dakika hamsini kwenda shule maana mimi muda huo niko kazini na baba yake anatoka zamu ya usiku. Nilipomwambia mdogo wangu habari ya msamaha akanyamaza kidogo alafu akasema "kwahiyo mtoto wako anatembea kwenye theluji na wewe unaenda kusimama mbele ya mabosi wangu uombe usilipe kodi ya shule?" Ni wiki ya tatu hatuongei, na huwa tunapigiana simu kila siku, hata ya kuulizana umepika nini.

Mume wangu anasema tumalizane wenyewe yeye hataki kuingia kati ya kaka yake na mke wake. Anti nisaini au nikatae? Na nikienda kwenye huo mkutano naongea nini?

Mama Sambusa, Ohio

—

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja, maana shida uliyonayo ni ya mtu aliyepiga hatua. Kutoka kupanga boksi usiku mpaka mji unakutumia mtu aje kukubembeleza, kaa hapo kidogo ujipongeze kabla hatujaendelea.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Wewe umeniuliza swali moja, usaini au usisaini, lakini mimi naona maswali yamefungwa kwenye kanga moja na ukiyafungua kila moja lina jibu lake. Kuna swali la namba, ile 12. Kuna swali la shule na mdogo wako. Alafu kuna lile hujaliuliza ila umelitaja kwa kupita tu, kwamba benki ilikubali mwezi wa tatu na afisa kaja mwezi wa tano. Hilo tutalirudia.

Tuanze na namba maana ndo yenye meno. Shemeji anauliza nani atahesabu, na watu wengi sana wanaamini hivyo. Kule kwenu mikataba ya aina hii inapitiwa kila mwaka na baraza maalum la kukagua misamaha ya kodi, wanakaa na karatasi yako, uliahidi ngapi umeleta ngapi, mishahara imefika au haijafika, alafu wanaipendekezea halmashauri ya mji mkataba uendelee, ubadilishwe au ufutwe. Na kwenye hilo baraza, mwanangu, kuna mjumbe wa bodi ya shule. Yaani anayehesabu anaweza kuwa ni haohao mabosi wa mdogo wako. Mkataba ukifutwa mji unaweza kudai hata kodi mliyokwisha kusamehewa. Makampuni makubwa yenyewe yamerudisha, General Motors (GM) walifunga kiwanda cha magari cha Lordstown 2019, mwaka uliofuata jimbo la Ohio likawataka warudishe dola milioni 28 za misamaha na waweke milioni 12 nyingine kwenye eneo lile. GM ana mawakili wa kujaza basi, wewe una bibi wa manda na shemeji mwenye lori.

Alafu kuna jambo naomba shemeji alisikie kwa utulivu. Kwa sheria ya Ohio mtu akitoa maelezo ya uongo anayajua ili apate msaada wa aina hii ni kosa la jinai, faini mpaka dola 1,000 au kifungo mpaka miezi sita au vyote, na msaada mwingine baadaye hapati. Sisemi shemeji ni muongo, kuota ajira 12 sio uongo, watu wengi wanaandika wanachokiota na biashara ikigoma hiyo ni bahati mbaya na inaelezeka. Lakini kuandika 12 huku ukijua hesabu yako ni tano, na ukasema kwa mdomo wako nani atahesabu, hapo ndoto inaanza kubadilika rangi. Na kama kuna yeyote kati yenu bado yuko kwenye green card sihitaji kukueleza kesi ya kuidanganya serikali inaweza kufika wapi.

Na hiyo tano yenyewe naomba tuishike mkono kidogo. Umesema uliipiga kabla hujakaa vizuri na muuza mashine. Mashine inanunuliwa ili ikunje, sasa ikikunja yenyewe wale watu watano wapya watakuwa wanafanya nini? Inawezekana kabisa mauzo yakapanda ukahitaji wa kufungasha, wa friza, dereva, wa usafi, wa vitabu, nimeona viwanda vidogo vinaongezeka watu baada ya mashine wala sio kupungua. Inawezekana pia mkabaki haohao saba miaka mitatu. Jua vilevile kwamba hao saba mnaohama nao kutoka Columbus hawahesabiwi kama ajira mpya, na biashara ikihama kutoka mji mmoja wa Ohio kwenda mwingine kwa msamaha, mji unaoachwa lazima utaarifiwe. Alafu hao saba watafikaje huko saa kumi alfajiri kama hawana gari? Ukipoteza watatu kwa sababu ya usafiri na mkataba unakudai watano wapya, tayari ni wanane. Kaa na kalamu, piga hesabu tatu, ya biashara ikienda vizuri, ikienda kawaida na duka kubwa moja likikukimbia, uone kwenye ile mbaya kabisa una watu wangapi. Namba utakayoipata hapo ndo namba unayoweza kulala nayo.

Sasa shule. Mdogo wako kaongea kwa uchungu na ana sababu, lakini maneno yake na ukweli wa mkataba havilingani sawasawa, na wewe pia umeyabeba yote kama yalivyo. Msamaha huu ni wa thamani inayoongezeka tu. Kodi ya kiwanja na ya godauni la zamani inaendelea kulipwa kama kawaida, kwahiyo senti ambayo shule inapata leo kwenye ile sehemu haipungui. Kinachosamehewa ni kile ambacho bado hakipo. Hesabu ya afisa iko sawa, Ohio wanachukua asilimia 35 ya thamani ya soko, kwahiyo 900,000 inakuwa 315,000, kwa kiwango cha kama dola 60 kwa kila 1,000 unapata 18,900 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ingeenda shule.

Ila mdogo wako akiwa mjanja atakuuliza swali moja hutaweza kulikwepa, na hapa ndo narudi kwenye lile ulilolipitia haraka. Mngejenga bila msamaha? Benki ilisema ndiyo miezi miwili kabla ya yule mkaka mpole kugonga mlango, mkala pilau. Kama mngejenga vilevile basi hiyo kodi ingekuwepo, na msamaha unaiondoa kweli. Kama bila msamaha mngeshindwa kabisa, basi shule haipotezi chochote, inasubiri tu, na kama mngejenga nusu inapoteza kodi ya hiyo nusu. Usijione peke yako kwenye hili, mchumi mmoja, Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn kule Kalamazoo, Michigan, alipitia tafiti nyingi mwaka 2018 akakuta ni kama asilimia 2 mpaka 25 tu ya makampuni yanayopewa misamaha ambayo uamuzi wao kweli uligeuzwa na hiyo hela, waliobaki wangefanya hivyohivyo. Sasa na wewe jiulize kimya kimya uko kundi gani, wala jibu usinipe mimi.

Na huo mfumo hukuutunga wewe, hata mdogo wako hakuutunga. Mahakama Kuu ya Ohio ilisema 1997, kwenye kesi ya DeRolph, kwamba kutegemeza shule kwenye kodi za majengo kiasi kile ni kinyume cha katiba ya jimbo, na mpaka leo wazazi bado wanapigia levi kura na zikianguka mabasi ya hai skuli ndo yanakuwa ya kwanza kukatwa maana sheria inalazimisha kuwabeba wa darasa la nane kushuka chini tu. Watu wa Intel, wale watengenezaji wa chipu za kompyuta, pale kaunti ya Licking walitangaza 2022 kiwanda cha zaidi ya dola bilioni 20 na jimbo likaahidi karibu bilioni 2, sasa wanasema kiwanda cha kwanza ni 2030 au 2031, na sijasikia dada wa bosi yeyote wa Intel ameacha kupokea simu yake. Wadogo ndo wanaonana usoni. Nasema hivyo sio ili ujione huna lawama, ni ili mzigo uupime kilo zake halisi.

Maana upande wa pili nao una haki yake. Dola 19,000 kwa kiwanda cha sambusa ni hela, ni zaidi ya nusu ya mshahara wa mtu mmoja, inaweza kuwa ndo tofauti ya kuwawekea watu bima au kutowawekea. Kuomba kitu ambacho sheria imekiweka mezani sio wizi. Na kama ungekataa kwa ajili ya mdogo wako alafu mwaka wa pili biashara ikayumba, huo uchungu nao ungeuweka wapi? Hata uhusiano wenu ungeanza kunuka kwa namna nyingine.

Kitu ambacho hakuna aliyekuambia, au labda alikuambia ukiwa umechoka, ni kwamba kati ya asilimia 100 na sifuri kuna njia nyingi. Mkiomba asilimia 75 kura ya bodi ya shule haihitajiki, wanataarifiwa tu, na mtakuwa mnalipa kama dola 4,725 kwa mwaka kwenye ile sehemu mpya. Hutasimama mbele ya mtu. Lakini angalia, hiyo inaweza kuonekana kama mmezunguka mlango wa nyuma, na mdogo wako atasikia tu, mji mdogo huo. Mnaweza kuomba miaka kumi badala ya 15. Mnaweza kubaki kwenye 100 alafu mkakubaliana na wilaya ya shule muwalipe fidia kiasi fulani kila mwaka, makubaliano ya namna hiyo yapo mengi Ohio, ubaya wake yanahitaji wakili na mazungumzo na nyie fundi anasubiri. Mnaweza kurudi kwa afisa mkasema namba yetu ni tano au tatu, na hatari yake ni kwamba mji utapunguza ukubwa wa msamaha au utaona hamna maana. Mnaweza kuacha vyote mkajenga. Kwa lolote utakaloegemea, usikubali fundi aingize hata koleo kabla hujajua unakwenda wapi, hapo afisa amekuambia ukweli, ukishaanza kujenga mlango umefungwa. Vile vituo vya ushauri wa biashara ndogo, SBDC, viko karibu kila kona ya jimbo na ushauri wao ni bure, peleka huo mkataba wakusomee, alafu wakili asome tena ile sehemu ya kurudisha kodi, hiyo isome mpaka uikariri.

Kuhusu shemeji, nakuomba usimfanye adui. Mtu aliyelala kwenye lori miaka akaweka akiba yote kwenye chapati zako ana hofu, na hofu ya mwanaume mara nyingi inatoka kama ubishi. Kwa asilimia zake 40 benki itakuwa imemwekea saini ya dhamana binafsi kama wewe, kwahiyo na yeye akidaiwa anadaiwa. Usimpelekee maneno, mpelekee zile hesabu tatu mbele ya mhasibu, wanaume wa hivyo wanakubali kushindwa na karatasi kuliko kushindwa na shemeji. Na mumeo, samahani nitakuwa mkali kidogo, kukaa pembeni sio kutokuwa na upande. Yule ni kaka yake. Kuna sentensi ambazo akizisema yeye kwa Kiswahili cha nyumbani zinaingia, ukizisema wewe zinakuwa dharau.

Kwa mdogo wako usisubiri mkutano. Kama ukiamua kwenda mbele ya bodi asikusikie huko kwa mara ya kwanza na wenzake wamekaa nyuma wanamuangalia. Nenda kwake, sio simu, mwonyeshe hesabu hizihizi hata zile zinazokuumbua, ikiwemo ya benki. Labda atabaki na msimamo wake, ana haki. Labda atakuambia kitu kuhusu hiyo bodi ambacho afisa hakijui, madereva wa basi wanasikia mengi. Na habari ya mtoto kutembea dakika hamsini hiyo haisubiri mkataba wowote, hebu liongeeni kama mama na mama mdogo, nani anampitia siku gani, kabla hamjaanza siasa.

Ukisimama pale kuongea, hiyo story ya kubeba boksi ni nzuri, itoe, ila isiwe ndo hoja. Watakuuliza ajira ngapi, na mashine je? Jibu unalo wewe peke yako. Ukiona kuna swali ungetamani wasiliulize, hilo ndo ulianze nalo nyumbani.

Niambie na kitu kimoja ukiniandikia tena, maana kimenikaa. Yule bibi Mkongo anayefunga manda bila kuangalia, ameshaambiwa habari ya mashine?